Hatari imepita, mbona moyo bado unakwenda mbio?

SWALI: Daktari, shikamoo. Juzi nikivuka barabara niliponea chupuchupu kugongwa na pikipiki. Nilijikuta nimeruka kando kabla hata sijafahamu kulikoni, lakini nilipokwisha kuwa salama moyo uliendelea kunienda mbio, na mikono ikatetemeka kwa dakika kadhaa. Ikiwa ubongo ndio unaoongoza kila kitu mwilini, kwa nini haukuyakomesha hayo mara moja?

JIBU: Marahaba. Ubongo wako ulituma amri kwa njia mbili zisizolingana kasi. Ya kwanza ni neva, yaani mishipa ya fahamu, ambamo taarifa husafiri kwa umeme na, katika zile zenye kasi kubwa, huweza kufikia mita 120 kwa sekunde; ndiyo maana miguu ilikwisha kuruka ilhali akili ingali inajiuliza ule mlio ni wa nini. Amri ya namna hiyo hufika mahali mahususi na ikikoma, msuli hulegea papo hapo.

Njia ya pili ni homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe, zinazosafiri kwa damu. Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, na hapo ndipo mifumo hii miwili inapokutana kwa namna ambayo sichoki kuieleza. Chembe za sehemu ya ndani ya tezi hiyo zina asili moja na neva, na hupokea amri kwa neva zinazotoka katika uti wa mgongo. Lakini badala ya kuipitisha amri hiyo kwa umeme, humwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo hupiga kwa nguvu, ini hutoa sukari, mboni za macho hupanuka. Neva zikishanyamaza, adrenalini iliyokwisha kumwagwa haiitwi ikarudi. Sharti mwili uivunjevunje, na nusu yake huchukua kama dakika mbili au tatu kuondoka. Ndicho kilichokutetemesha.

Nyuma yake huja kortisoli, homoni nyingine ya adrenali, ambayo haina haraka. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo upande wake wa chini, huichochea pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere, nayo hutuma homoni yake hadi kwenye ganda la adrenali. Kortisoli ikitosha damuni, yenyewe huziarifu haipothalamasi na pituitari zipunguze.

Nikusahihishe kidogo, hata hivyo, kuhusu ubongo kuongoza kila kitu. Mwaka 1902, jijini London, wanasayansi William Bayliss na Ernest Starling walizikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakakitilia asidi. Kongosho likatoa maji yake ya kumeng'enya chakula vilevile, kwa kuwa ujumbe kutoka utumboni ulipitia katika damu bila kungoja ruhusa ya ubongo.