Anza na viatu, nguo zifuate

Dada yangu, umeuliza uvae nini katika usiku wako wa kwanza wa salsa, ile dansi ya kucheza wawili wawili, hapa Dar es Salaam, na kama raba zako za mazoezi zinafaa. Ninakusihi uanze na viatu, kwa sababu katika salsa mwanamke huzungushwa mara nyingi, na soli ya mpira inapong'ang'ania sakafu, mwili hugeuka huku mguu ukibaki palepale, kisha goti ndilo linaloumia. Tafuta viatu vyenye soli laini ya ngozi na mkanda unaofungwa kifundoni ili visichomoke, na kisigino chake kwa sasa kisizidi sentimita 5. Vibebe kwenye mfuko uvivalie ukumbini, maana soli ya ngozi ikilowa huharibika.

Kuhusu nguo, gauni jepesi la pamba linaloishia magotini, lenye kaptura ya kubana ndani yake, litakufaa katika joto letu. Pete kubwa na bangili, tafadhali, zivue kabisa: niliwahi kuchanwa kiganja na pete ya mwenzangu, kwani mikono hushikana karibu wimbo mzima. Beba pia kitambaa cha kufutia jasho.