Matokeo ya kidato cha nne yana uzito gani tunapoajiri mhasibu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa bodi ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyabiashara hapa Igoma, Mwanza. Tumetangaza nafasi mbili, mhasibu msaidizi na ofisa mikopo, na tumepokea maombi 143. Mwenyekiti anataka tubaki na waliopata daraja la kwanza au la pili kidato cha nne tu, hata kama mtu ana shahada. Anasema benki kubwa za Marekani nazo huuliza alama za SAT. Mjumbe mwingine anasema alama ni karatasi, tuangalie mtu. Kitaalamu nani yuko sahihi? Na tukitaka kuwapima wenyewe, tuwapime nini?

JIBU: Marahaba, katibu. Nimekaa kwenye meza za usaili wa wahasibu na maofisa mikopo hapa Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 20, na nakuhakikishia kwamba mwenyekiti wako anaogopa kitu cha kweli. Maombi 143 yakikosa kipimo cha namba, simu zinaanza kulia. Mjumbe huyu ana mpwa wake, yule ana binti wa jirani, mwanachama mwenye hisa nyingi anakumbusha kwamba kijana wake naye amesoma. Mtihani mmoja waliofanya watu wote, ukasahihishwa na wasiowajua, ni kinga dhidi ya hayo. Kwa hiyo siungi mkono maneno ya "karatasi tu". Ninachopinga ni kutumia mtihani ambao mtu aliufanya akiwa na miaka 17 kuamua nani ashike daftari lenu la fedha akiwa na miaka 26.

Hilo la Marekani ni kweli. Zipo benki za uwekezaji na kampuni za ushauri zinazomwuliza mhitimu alama zake za SAT, mtihani unaohesabiwa hadi 1600 ambao wanafunzi huufanya kabla ya kuingia chuo kikuu. Sababu yao inaeleweka. Wanapokea maombi kutoka vyuo vingi, na GPA (wastani wa alama) ya chuo hiki haina uzani mmoja na ya chuo kile. SAT inawapa rula moja. Tatizo hilo hata sisi tunalo: GPA ya 3.5 inahesabika daraja la pili la juu kokote nchini, lakini wewe na mimi tunajua kwamba kuna vyuo inapatikana kwa jasho na vingine inapatikana kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yanapovutia, kwa sababu karatasi ya mtihani ni ile ile kuanzia Ukerewe hadi Mtwara.

Lakini angalia rula hiyo inapima nini. Daraja la kidato cha nne linatokana na masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili ni 18 hadi 21, la tatu ni 22 hadi 25. Kijana aliyefanya masomo tisa anaweza kuwa na daraja la pili zuri huku Hisabati yake ina F, kwa kuwa F ile haikuingia kwenye saba bora. Mwingine ana daraja la tatu lenye B ya Hisabati na B ya Uhifadhi wa Hesabu za Biashara (Book Keeping), ila masomo yake mengine yana alama za chini. Ukichuja kwa daraja, wa kwanza anaitwa kwenye usaili na wa pili faili lake linabaki kwenye boksi. Kama mnataka kuyatumia matokeo, fungueni cheti msome somo kwa somo. Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi nchini mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo mwenye C pale ana jambo la kujivunia.

Kuna na suala la shule. Tangu MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ilipoanza mwaka 2004 shule za kata zimejengwa kwa wingi, na zimewafungulia mlango maelfu ya watoto ambao wasingefika sekondari. Nyingine zilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Hisabati. Alama ya aliyesoma kisiwani bila mwalimu na ya aliyesoma bweni mjini akiwa na masomo ya ziada kila jioni zinaandikwa kwa herufi zile zile, lakini C ya yule wa kisiwani imebeba mzigo mkubwa zaidi. Mimi nikiiona huwa nasimama nayo kidogo.

Sasa niingie kwenye utaalamu wenyewe. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walitumia kipimo ambacho 0 maana yake njia hiyo haikuambii chochote kuhusu utendaji wa mtu kazini, na 1 maana yake inakuambia kila kitu. Kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe kulipata 0.54. Mtihani wa uwezo wa kufikiri ulipata 0.51, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ukapata 0.51 pia. Idadi ya miaka ambayo mtu amekaa shuleni ilipata 0.10. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo wakaona nyingi zilikuwa zimepandishwa mno: usaili uliopangwa ukawa 0.42, sampuli ya kazi 0.33, mtihani wa uwezo 0.31. Namba zimeshuka, ila ujumbe kwenu haujabadilika. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, na vile vilivyo karibu na kazi yenyewe vina nafasi ya heshima.

Upo mtego mmoja ambao bodi nyingi hunaswa nao. Mkishachuja kwa alama, alama hizo hizo hazitawasaidia sana tena kuchagua kati ya waliobaki. Mvuvi anaelewa: samaki waliobaki kwenye wavu mmoja wanakaribiana ukubwa, huwezi kuwapanga kwa kuwapitisha kwenye wavu ule ule mara ya pili. Hata hivyo nimeona bodi ikibishana saa nzima kati ya mwenye pointi 15 na mwenye pointi 17. Tofauti ya pointi mbili inaweza kuwa B badala ya C kwenye Historia na Jiografia. Haihusiani na vocha zenu hata kidogo.

Nikuambie niliyoyaona. Chama kimoja cha mikopo, sitakitaja, kiliajiri mhasibu kwa kuangalia alama za juu peke yake. Walipokuja kuniita, daftari la fedha halikuwa limelinganishwa na taarifa ya benki kwa miezi saba. Kijana hakuwa mwizi, alikuwa hajui aanzie wapi na anaona aibu kuuliza. Iliniuma, kwa sababu fedha zile ni za mama lishe na bodaboda, na kijana naye aliondoka amevunjika moyo.

Walipotangaza nafasi upya niliwaomba tuwape wasailiwa kazi. Nilichapa kurasa mbili: daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki ya mwezi huo huo. Niliacha hundi mbili ambazo hazijafika benki, makato ya benki ambayo hayajaandikwa, na kosa moja la kupandikiza: amana iliyosomeka 846,000 kwenye daftari na 486,000 benki. Dakika 45, kikokotoo ruksa.

Binti mmoja aliyesomea shule ya kata visiwani, mwenye daraja la tatu, alishughulikia hundi na makato kwanza. Ikabaki tofauti ya 360,000. Akaiandika pembeni ya karatasi, akaigawa kwa 9, akapata 40,000 kamili. Hapo kalamu yake ikaacha kutafuta stakabadhi iliyopotea, ikaanza kushuka safu ya amana kutafuta tarakimu zilizogeuzwa. Mhasibu mzoefu anaijua mbinu hiyo: ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizofuatana, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila baki. Tulipomwuliza alijifunzia wapi, alisema alikuwa akitunza daftari la shangazi yake anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wa pili siku hiyo alikuwa na daraja la kwanza. Wa mwisho naye alikuwa na daraja la kwanza, na aliandika kwamba 360,000 ni hasara. Cheti peke yake kisingetuambia nani ni nani kati ya hao wawili.

Kwa ofisa mikopo, mpeni hesabu ya mteja. Mfanyabiashara wa dagaa anaomba 3,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Msailiwa akokotoe riba yote ikiwa inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo, kisha ikiwa inahesabiwa kwenye salio linalopungua, mteja akirejesha 250,000 ya mkopo kila mwezi. Jibu la kwanza ni 720,000, la pili ni 390,000. Halafu mwambieni amweleze mteja tofauti hiyo kwa Kiswahili cha sokoni, mjumbe mmoja wa bodi akijifanya mteja. Hapo mtagundua mengi. Na sikilizeni maswali yake. Atakayeuliza "marejesho ni ya wiki au ya mwezi?" mwekeeni alama ya ziada, kwa sababu anajua dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi mitumbwi mingi inalala ufukweni. Ratiba ya marejesho ya kila wiki inaweza kumfanya mteja mwaminifu aonekane msumbufu.

Karatasi zote ziwe na namba badala ya majina, zisahihishwe na watu wawili kila mmoja peke yake, na alama ziandikwe kabla bahasha ya majina haijafunguliwa. Hapo mwenyekiti atapata kinga yake dhidi ya simu, tena imara kuliko daraja la kidato cha nne, kwa kuwa mtihani ni wa leo na ni wa kazi yenu.

Vyeti bado vina kazi moja ambayo msiiruke: uhakiki. Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa watumishi wa umma ilionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo hakikini vyeti vya wale mtakaowateua kupitia NECTA na chuo husika kabla ya kusaini mkataba. Atakayedanganya alama yake hafai kushika funguo za sefu, hata kama alihitaji kudanganya herufi moja tu.

Mitihani ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, naiweka kundi tofauti. Nayo ni mtihani mmoja kwa wote, ila maswali yake ni ya uhasibu wenyewe, na mtu huufanya akiwa mtu mzima. Mwombaji aliyefaulu hatua za kati za CPA, sifa ya juu ya uhasibu, huku akifanya kazi mchana amewaonyesha ujuzi na uvumilivu kwa pamoja. Kwa nafasi ya mhasibu msaidizi msiifanye sharti, maana mtawakosa wengi wazuri na mshahara wenu hautawatosha wenye CPA kamili. Ifanyeni nyongeza ya alama.

Kwa hiyo, katibu, kwa maombi yenu 143: ondoeni kwanza wasio na sifa mlizotangaza, wala msiongeze sharti jipya la daraja ambalo halikuwa kwenye tangazo, kwa sababu mwombaji ana haki ya kulalamika. Waliobaki wote waiteni kwenye mtihani wa pamoja wa hesabu wa dakika 40, asilimia, uwiano na kusoma majedwali. Ukumbi wa shule siku ya Jumamosi unatosha. Kumi na wawili wa juu wapewe kazi ya mfano niliyoieleza, kisha usaili wenye maswali yale yale kwa kila mmoja. Mkifikia kufungana kabisa kati ya wawili, hapo tazameni alama ya Hisabati.

Nitumie sera yenu ya mikopo na kurasa chache za daftari la zamani, majina ya wanachama yakiwa yamefutwa. Nitakuandalia karatasi mbili zenye makosa ya kupandikiza yanayofanana na yale yanayotokea kwenu.