Debian na anwani za IPv6

Swali: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva ya shule inayotumia mfumo endeshi wa Debian 12. Kampuni inayotuuzia intaneti itaanza kutupatia anwani za IPv6, yaani toleo jipya la anwani za intaneti. Je, mfumo huu uko tayari, au niusakinishe upya?

Jibu: Huna haja ya kuusakinisha upya. Kerneli ya Linux, yaani kiini ambacho Debian imejengwa juu yake, iliacha kuihesabu IPv6 kuwa ya majaribio katika toleo la 2.6.12 la mwaka 2005, na Debian huiwasha yenyewe, hivyo ruta ikitangaza mtandao wake, seva hujitungia anwani ya biti 128 bila kusubiri amri yako. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu sana: kanuni za ukuta wa moto (firewall) zilizoandikwa kwa iptables, programu ya zamani ya kuziandika, hulinda IPv4, yaani anwani za toleo la zamani, peke yake, na kwa kuwa anwani mpya kwa kawaida haifichwi nyuma ya anwani ya ruta, huduma uliyodhani umeifungia inaweza kufikiwa na mtu yeyote aliye nje. Ziandike kwa nftables, programu iliyochukua nafasi ya iptables, katika jedwali la aina ya inet, linalosimamia anwani za aina zote mbili. Usizuie ICMPv6 yote, yaani ujumbe wa huduma wa IPv6 yenyewe, kwani bila hiyo mashine za mtandao mmoja hazitambuani. Rekodi ya AAAA, ile inayounganisha jina la seva na anwani yake ya IPv6, iongezwe mwisho, ukuta ukishapimwa kutoka nje.