Safari ya Kazini Yaweza Kuwa Mazoezi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Ipuli hapa Tabora, na ninauza vitenge sokoni, umbali wa kama kilomita 3 kutoka nyumbani. Kliniki wameniambia presha yangu imepanda, hivyo pamoja na kumeza dawa nifanye mazoezi. Lakini mimi hushinda nimeketi kibandani, na kwenda na kurudi napanda bodaboda. Je, kutembea kunatosha, au ni lazima nikimbie? Na mama wa umri wangu akipanda baiskeli, watu hawatamshangaa?

JIBU: Kutembea kunatosha, mama, ilimradi uwe mwendo wa haraka, ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kila wiki, na kilomita 3 kwa mwendo huo huchukua takriban nusu saa. Kwa hiyo ukienda sokoni kwa miguu siku 5 za wiki, hata kama jioni utarudi kwa bodaboda kwa sababu ya uchovu au mzigo, kiwango hicho umekwisha kukifikia, na nauli ya asubuhi imebaki mfukoni.

Jambo hili lina ushahidi wa muda mrefu. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, nao walikuta kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokuwa wameketi kwenye mabasi hayo hayo. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa mazoezi yao.

Anza taratibu, usiache dawa zako, na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu simama, kisha urudi kliniki. Miezi ya Septemba na Oktoba, jua la Tabora linapokuwa kali, toka mapema na ufuate njia yenye miembe hata kama inazunguka kidogo.

Kuhusu baiskeli, sioni mji unaoifaa kuliko huu wetu usio na milima, na wanaoiona kuwa chombo cha fukara wanajinyima afya bure. Tafuta baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kinga ya mnyororo, kwa maana kitenge kikinaswa na mnyororo utaanguka. Mwombe fundi arekebishe tandiko hadi utakapoweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa na mguu ukanyooka. Tandiko likiwa chini mno, magoti yatauma, nawe utadhani ni uzee. Penye mchanga mwingi shuka ukokote. Watakaokushangaa watazoea, hasa wakiona kina mama wawili watatu mkifuatana.

Hata hivyo, si haki kumwambia mgonjwa atembee huku pembezoni mwa barabara pakiwa pamejaa bidhaa na pikipiki. Hilo ni jukumu la mtaa mzima. Lipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, mwombe mwenyekiti na diwani wenu wafuatilie TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kuhusu njia za waenda kwa miguu, vivuko na matuta, na mdai kwamba mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao sheria imeuweka kuwa kikomo katika maeneo ya makazi, usimamiwe kweli. Majirani zetu wa Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Manispaa yetu ingeweza kuanza na barabara moja tu, kwa asubuhi moja.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, na shule iko kilomita moja na nusu kutoka nyumbani. Nimlipie bodaboda au atembee? Baba, Cheyo.

JIBU: Atembee, ndugu yangu, kwa kuwa mtoto wa umri wake anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mwunganishe na watoto wa jirani wanaosoma shule hiyo, na wiki ya kwanza fuatana nao wewe mwenyewe. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, wafundishe kupita upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, ili waone magari yanayowajia.