Mtaala usiokuwepo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza sanaa na mambo ya vijana vinaingiaje kwenye nadharia ya mtaala. Anza na Elliot Eisner, profesa wa elimu wa Stanford, Marekani, aliyefariki 2014. Alianza kama mchoraji, akafundisha sanaa sekondari huko Chicago. Mwaka 1979 aliandika kwamba shule hufundisha mitaala mitatu: ulioandikwa, ule wa kimyakimya (kusubiri kengele, kutii, kushindana), na usiokuwepo, yaani yale yaliyoachwa nje. Huo wa tatu ndio ulionishika. Kijana asipokutana na brashi wala muziki darasani, anajifunza kwamba vitu hivyo si elimu.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kurasa za nyuma za daftari lake la hisabati zilijaa mikono, kwa kalamu ya bluu: mikono ya mama yake akisuka ukili, kila kifundo mahali pake. Sikuwa na pa kuiwekea alama. Kwa Eisner, ile ni kazi ya akili kabisa, maana sanaa humzoesha mtu maswali yenye majibu sahihi zaidi ya moja.