Peptidi imeua seli, lakini je, imeziba kipokezi?

Dada, nimekuelewa: peptidi yako (mnyororo mfupi wa amino asidi) inayolenga kuziba kipokezi cha bombesini, kemikali inayochochea seli hizo kukua, imepunguza seli za PC-3 za saratani ya tezi dume kwenye MTT, kipimo ambacho seli hai hugeuza rangi kuwa zambarau, na msimamizi wako hapo Kampala bado hajaridhika kwamba kipokezi ndicho kilichozibwa. Ana haki. MTT huonyesha uhai wa seli kwa jumla tu. Zambarau ikififia, huenda seli zimeumizwa na kiyeyushi ulichoyeyushia peptidi.

Anza na peptidi ya kulinganishia: amino asidi zilezile, mpangilio umevurugwa. Hiyo nayo ikiua, shaka ya msimamizi ina msingi. Kisha ongeza bombesini yenyewe hatua kwa hatua. Kizuizi kinachogombea nafasi ileile huzidiwa nguvu bombesini ikiwa nyingi, na seli huanza kukua tena. Hapo ndipo penye ushahidi hasa. Jaribu pia seli zisizo na kipokezi hicho.

Visima (vishimo vya kuwekea seli) vya pembezoni mwa sahani ya majaribio hukauka upesi. Vijaze maji safi tu, usiweke sampuli. Vimeng'enya vya seramu navyo hukata peptidi, kwa hiyo pima kama bado nzima baada ya saa 24.

Mgonjwa akikuomba poda ya peptidi hiyo, usimpe hata chembe. Mwelekeze Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago.