Kabla hamjaiamini namba: ushauri kwa watafiti wapya

Vijana wa maji, wa vifaa vya ujenzi, wa kompyuta na wa elimu hudhani kwamba kila kundi lina matatizo yake lenyewe, na ndiyo maana hawasomeani rasimu. Mimi huzisoma zote, na ninachokiona ni makosa yaleyale yakirudiwa na watu wasiofahamiana: namba ikishaingia kwenye lahajedwali hupewa heshima kana kwamba haikuwahi kupita mkononi mwa mtu aliyechoka, aliyelowa, au aliyekuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi. Watafiti hawa ni hodari, na wengine wananizidi mbali kwa hesabu na kwa programu, kwa hiyo kuwaona wakijikwaa palepale tulipojikwaa sisi kunanitia uchungu na wakati mwingine kunanikera. Nawaandikia mlioingia kazini karibuni. Sitaeleza sampuli ni nini wala modeli ni nini, kwa kuwa hayo mnayajua.

1. Andikeni daftari mkiwa uwandani, kwa penseli, na kosa likateni kwa mstari mmoja ili kilichokuwapo kiendelee kusomeka. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24, hata kama msoma rula ya mto, yaani mtu anayesoma kina cha maji, anasema "saa tatu asubuhi", kama tunavyosema sote. Kijana mmoja alichukua usomaji wa kina ulioandikwa kwa mkono kuwa umefanyika "3:00", akauweka sambamba na mvua iliyorekodiwa na kihisi kinachohesabu saa zake kuanzia usiku wa manane, na programu, kwa utiifu wake wote, ikaelewa kuwa ni saa tisa usiku. Mto ukawa unafurika kabla mvua haijanyesha. Badala ya kushtuka, alinijia na kurasa kadhaa kuhusu unyevu wa udongo na maji ya ardhini yanayoutangulia msimu, na kurasa zenyewe ziliandikwa vizuri kiasi kwamba nilisikitika kuzifuta.

2. Nafasi tupu si sifuri, na -9999, namba inayowekwa pale kipimo kinapokosekana, si mvua. Mwezi ukitoa wastani hasi, msiutafutie sababu ya kisayansi.

3. Kila namba iandikwe na kipimo chake, na kipimo hicho kielezwe kwa ukamilifu. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa matokeo yake kwa ratili na nyingine ikayapokea kana kwamba ni niutoni. Kisa hicho mnakisimulia wote, tena kwa kicheko, kisha mnakirudia maabara. Kiwango elekezi cha nitrati katika maji ya kunywa kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, lakini hiyo ni nitrati nzima. Ukihesabu nitrojeni iliyomo peke yake, kiwango hichohicho kinakuwa takriban miligramu 11. Cheti kikija na 12 iliyohesabiwa kama nitrojeni, na wewe ukailinganisha na 50, utakuwa umeyapitisha maji yaliyovuka kiwango, na mtoto mchanga atakayetengenezewa maziwa kwa maji hayo hatakuwa na nafasi ya kuisoma tanbihi yako.

4. Msiifute nukta korofi, ile inayokaa mbali na nyingine, kabla hamjamuuliza aliyeipima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi, tena nikiwa nimeshapata shahada na majivuno yake.

Nilipewa kazi ya kuandaa mfululizo wa mtiririko wa mto mmoja kwa ajili ya wahandisi waliokuwa wakisanifu mradi wa maji. Utaratibu mnaujua: kina husomwa kila siku kwenye rula iliyosimikwa ukingoni, mtiririko wenyewe hupimwa mara chache kwa mita ya mkondo, kifaa cha kupima kasi ya maji, kisha jozi hizo za kina na mtiririko hutoa mlinganyo Q = a(h − h₀)^b, ambao hugeuza kila usomaji wa kina kuwa mtiririko (Q ni mtiririko, h ni kina kilichosomwa, h₀ ni kina ambacho mtiririko huwa sifuri, na a na b hupatikana kutokana na nukta zenyewe). Nilipozichora nukta zangu, nyingi zilijipanga vizuri, isipokuwa kifungu cha nukta chache kilichokaa chini ya nyingine, sambamba nazo. Mpangilio huo ulipaswa kuniamsha, maana makosa ya kawaida ya kupima hutawanyika huku na huku. Hayana nidhamu ya kupanga foleni yake pembeni. Mimi niliona tu kwamba zinaniharibia R², kipimo cha jinsi mlinganyo unavyozifuata nukta. Nikaziita nukta korofi, nikazifuta, R² ikapanda, nikafurahi.

Kisha nikautumia mlinganyo huo kwa usomaji wote wa kituo, na miaka ya mwisho ikaonyesha kwamba mto umepungua vibaya, hasa wakati wa kiangazi, ambapo mtiririko ulikuwa umeshuka hadi kama robo ya ule wa zamani. Mtu mwenye akili timamu angerudi kwenye daftari la kituo. Mimi nilikwenda maktaba. Niliandika sura nzima kuhusu ukataji wa misitu kwenye vyanzo, uchepushaji wa maji usio na vibali na mabadiliko ya tabianchi, nikaweka na ramani ya rangi, na kila sentensi niliyoiandika ilikuwa ya kweli mahali fulani duniani, ila si pale. Rasimu ilipitiwa na watu wanaoheshimika. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu rula, kwa sababu hakuna anayeuliza kuhusu rula pale anapooneshwa ramani ya rangi.

Siku ya kuwasilisha, msoma rula wa kituo kile alikuwa ameketi nyuma kabisa. Alikuwa mzee mpole, ameletwa ili akidi itimie. Alisubiri maswali ya wakubwa yaishe, akanyoosha mkono, akasema, "Mwanangu, samahani sana. Mto haukupungua. Rula ndiyo iliyopanda." Akaeleza kwamba mafuriko yaliisomba rula ya zamani, mafundi wakasimika mpya kwenye mwamba ulio juu zaidi, na sifuri yake ikawa sentimeta 34 juu ya ile ya kwanza. Alikuwa ameyaandika hayo siku ileile, kwa mwandiko safi kuliko wangu, na daftari lilikuwa ndani ya kabati, hatua chache kutoka mezani pangu.

Nukta nilizozifuta ndizo zilizopimwa baada ya rula mpya kusimikwa. Yaani ushahidi pekee uliokuwa ukinieleza kilichotokea niliutupa kwa mikono yangu, kisha nikakaa kuuliza kwa nini mto umekauka. Hesabu yake haisamehe: maji yakiwa sentimeta 60 juu ya h₀, na kipeo b kikiwa karibu na 1.67, kusoma pungufu kwa sentimeta 34 kunakuachia mtiririko wa robo tu, ilhali wakati wa mafuriko makubwa upungufu huohuo unakuwa mdogo kwa uwiano, na ndiyo maana mtu anaweza kuangalia vilele vya mafuriko akaridhika kwamba kila kitu kiko sawa. Ripoti iliondolewa, usanifu ukachelewa, na barua ya kuomba radhi iliandikwa na kiongozi wangu kwa jina lake, bila langu kutajwa popote. Nilidhani angenifokea, na ningeona nafuu. Alichofanya ni kuniagiza nikakae kituoni na yule mzee hadi niweze kuieleza historia ya kila skrubu iliyofungwa kwenye ile rula. Kwa sasa ninachowadai ninyi ni kidogo zaidi: sifuri ya rula ihusishwe na alama ya kudumu ya mwinuko, ihakikiwe kila baada ya mafuriko, na mlinganyo uandikwe pamoja na kipindi unachohusika nacho.

5. Maabara ya zege ina rula zake zinazohama. Mchemraba wa milimita 150 uingie mashineni huku nyuso zilizogusana na kalibu ndizo zinazopokea mzigo, na ule uso uliosawazishwa kwa mwiko ukae pembeni. Nimemwona mtafiti akiuweka uso wa mwiko juu kwa sababu ndipo alipoandika namba ya sampuli na alitaka isomeke kwenye picha. Mchemraba ukavunjika kona moja mapema, naye akalaumu saruji. Msilinganishe nguvu ya mchemraba na ya silinda ya milimita 150 kwa 300 bila kusahihisha, kwa kuwa silinda hutoa takriban asilimia 80 ya nguvu ya mchemraba kwa zege lilelile. Anayeongeza maji kwenye mchanganyiko ili ulainike na amwambie mwandika daftari, kwa kuwa tangu Duff Abrams alipochapisha kazi yake mwaka 1918 inajulikana kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaotawala nguvu, na bakuli moja la maji lisiloandikwa linatosha kuugeuza utafiti mzima. Na wanaobadilisha sehemu ya saruji kwa majivu ya pozolana, yaani majivu yanayoganda yakichanganyika na saruji na maji, wawe na subira: mmenyuko wake ni wa polepole, mchanganyiko unaoonekana dhaifu siku ya 7 unaweza kuufikia ule wa saruji tupu siku ya 28 au ya 90, na mwenzenu mmoja aliutupa mchanganyiko wake bora kwa sababu mkataba wa mashine ulikuwa unaisha.

6. Wa kompyuta, ninyi hujiona mmeepukana na matope. Mkipata ufanisi wa 0.97 kwa kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970, ambacho 1 ni utabiri usio na kosa, swali la kwanza lisiwe mtachapisha wapi. Angalieni mlivyogawanya data. Mtiririko wa leo unafanana sana na wa jana, kwa hiyo mkizichanganya siku zote kwa bahati nasibu, nyingine zikawa za kufunzia na nyingine za kujaribia, modeli itakuwa imeliona jibu la jana na la kesho kabla ya kuulizwa la leo. Gawanyeni kwa vipindi, miaka hii ya kufunzia na ile ya kujaribia, kisha mlinganishe na utabiri wa kivivu usemao kwamba kesho itakuwa kama leo. Nimeshuhudia mtandao wa neva, modeli ya kompyuta inayojifunza kutokana na data, uliofunzwa kwa umeme mwingi ukishindwa na mvivu huyo, na mwenye mtandao akapendekeza tuongeze umeme. Faili nazo zihesabiwe mistari kabla na baada ya kuhamishwa: mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu faili za aina ya zamani zilifika kikomo cha mistari 65,536 na iliyozidi ikaachwa bila onyo. Kumbukumbu za mbegu ya bahati nasibu (namba inayoanzisha uchaguzi wa nasibu wa programu), matoleo ya msimbo na nakala za akiba nimeshazisema mara nyingi mno.

7. Wa elimu nimewaweka mwisho kwa sababu kazi yenu ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa wenzenu wa vifaa vya ujenzi hawaamini. Zege halijui kwamba linafanyiwa utafiti. Mwanafunzi anajua, na mwalimu wake anajua zaidi. Mkiwachagua waliopata alama za chini kabisa katika mtihani wa awali, mkawapa masomo ya ziada, kisha mkawapima tena, watapanda, na sehemu ya kupanda huko ingetokea hata kama mngewaacha walivyo, kwa kuwa miongoni mwao wamo ambao siku ile walikuwa wagonjwa, wana usingizi au hawakuwa na bahati. Bila kikundi linganishi kilichochaguliwa kwa namna ileile, hamwezi kutenganisha somo na bahati.

Kosa linalonichosha zaidi, hata hivyo, ni la kuhesabu vichwa. Mnachukua madarasa 10 yenye wanafunzi 40 kila moja, mnayapa matano mbinu mpya na matano mnayaacha na ya zamani, kisha mnaandika kwamba sampuli ni 400. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kelele moja na ratiba moja, na majibu yao yanafanana kwa sababu hizo. Kama kiwango cha kufanana huko, kwenye mizani ya 0 hadi 1, ni 0.2, athari ya usanifu, yaani namba ya kuigawia sampuli yenu, ni 1 + (40 − 1) × 0.2, yaani 8.8, na wanafunzi wenu 400 wana uzito wa wanafunzi kama 45 waliochaguliwa mmojammoja. Kijana niliyempigia hesabu hii aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kuongeza wanafunzi katika madarasa yaleyale ili afidie. Hawezi, labda kwa kiasi kidogo sana. Darasa ndilo lililopewa mbinu, kwa hiyo darasa ndilo linalohesabiwa, na fedha ikitosha kuongeza kitu kimoja tu, ongezeni madarasa, hata kama kila moja litawapa wanafunzi 15 wa kupima badala ya 40, na katika jedwali la kwanza la ripoti idadi ya madarasa itangulie idadi ya wanafunzi.